Boti ya Mjomba Kwenye Mizani

Katika ukoo wao kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika wala kuthubutu kuivunja: kitu cha ndugu hakikaguliwi. Shangazi akikupa kilo mbili za sukari, huzipimi. Binamu akikuuzia baiskeli, huinui gurudumu ukalizungusha mbele yake. Unashukuru, unaisukuma baiskeli yako hadi kwenye kona, na ukishapotea machoni pake ndipo unachuchumaa kutafuta breki zilipo. Ukikagua mbele ya mwenyewe umemwita mwizi, na maneno hayo yatakufuata kwenye harusi na kwenye matanga mpaka wajukuu zako wayasikie.

Sheria hiyo ilimkera Mama Mizani kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye alikula kwa kukagua. Alikuwa karani wa mizani kwenye geti la bandari ya wavuvi. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa katika kile kibanda chenye dirisha la kuteleza, feni isiyozunguka na kalenda ya miaka miwili iliyopita, akitazama namba nyekundu zikipanda kila gari lenye mzigo lilipokanyaga bamba la chuma. Madereva walimwapia kwa wazazi wao waliokufa na walio hai. Yeye aliwaacha wamalize kuapa, kisha akawageuzia kioo cha namba wajisomee. Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa amejifunza tu kwamba kilo hazina aibu, na watu wanayo nyingi mno.

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mrefu, alikuwa fundi friji. Wiki nzima alishinda amejikunja nyuma ya mafriji ya watu, na mwisho wa wiki aliazima boti ya rafiki, akavua karibu na pwani, akarudi na samaki wa kuonea huruma. Mwaka huo alikata shauri. Angenunua boti yake mwenyewe, ndogo, iliyotumika, lakini ya kufika kule mbali ambako jodari wapo na nchi kavu haionekani tena. Angekwenda na wenzake wawili wa karakana, saa tatu za kwenda na saa tatu za kurudi. Tangu siku aliyosikia hayo dada yake hakuwa na raha, maana ndiye aliyembeba mgongoni huyo Mrefu kabla hajawa mrefu.

Lakini haki ya Mungu, kijana alikuwa mwangalifu. Boti tatu za kwanza alizikagua kama daktari. Ya kwanza alilala chali chini yake, tochi mdomoni, akatoka nywele zimejaa mchanga na kusema kwamba ubao wa nyuma, pale inapofungwa injini, umeoza ndani. Bisibisi imezama kama kwenye keki. Ya pili ilikuwa na ufa uliofichwa kwa rangi. Ya tatu ilikuwa nzima, ila kingo zake zilikuwa fupi, na wimbi la kule mbali lingeingia bila kubisha hodi. Zote tatu alizikataa waziwazi, wenyewe wakabaki wananung'unika. Walikuwa watu baki, hakujali.

Ya nne ilikuwa ya Mjomba.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama yao, mtu wa mashati ya pasi na kalamu mbili mfukoni, aliyewasimamia tangu baba yao alipofariki. Hilo hakuna aliyelikataa, na yeye mwenyewe hakuacha lisahaulike. Kila kikao cha familia alikalia kiti chenye mikono, na hakuna aliyekumbuka siku yoyote alipoambiwa amekosea. Aliposikia mpwa wake anazunguka kutafuta boti, alinuna. "Unakwenda kwa watu baki na mimi nipo? Mimi ninayo boti pale bandarini, imekaa tu. Nitakupa kwa bei ya ndugu."

Walikwenda kuiona Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma wa bandari ambako boti huegeshwa juu ya matrela yao. Kwa macho ilikuwa nzuri, hapana ubishi. Nyeupe, mita tano na nusu, kingo ndefu, injini imepanguswa mpaka inang'aa, maboya ya kuvaa bado yamo ndani ya nailoni. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi mpya ya bluu, nene kama siagi. Na yule Mrefu aliyelala chali chini ya boti za watu baki, siku hiyo alitembea kuizunguka boti huku mikono ameifunga nyuma, kama mgeni rasmi aliyekuja kufungua shule.

Dada yake aliona mambo mawili kabla hata hajapanda. Kwanza, matairi ya trela yalikuwa yamebonyea pembeni ingawa yalikuwa na upepo. Pili, karibu na usukani kulikuwa na kibati cha kiwandani, na juu yake imegongwa namba: uzito wa boti tupu, kilo mia tano na arobaini. Aliitazama namba, akayatazama matairi. Kisha akapanda, akainama, akagonga sakafu kwa vifundo vya vidole. Mbele ililia ko, ko. Kuanzia katikati kwenda nyuma ilisema du, ikanyamaza.

Mjomba akacheka. "Mpwa wangu, hiyo ni boti, siyo tikiti maji."

"Nasikiliza tu, mjomba. Huku panalia, huku hapalii."

"Huko kuna tangi la mafuta."

"Tangi si lile pale jekundu?"

Mjomba alilitazama tangi kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa. "Basi ni faiba nene," alisema. "Zamani walitengeneza kwa faiba ya kweli. Za siku hizi ni makaratasi."

"Na tundu la kutolea maji lipo wapi, mjomba? Boti zote zina tundu nyuma, chini kule."

"La nini? Boti yangu haiingii maji."

"Dada," alisema Mrefu kwa sauti ya chini, macho yake yakimsihi ashuke. Akashuka. Mjomba akampiga Mrefu bega, akamwambia mwanamke ukimpa mizani atapima hata chumvi ya mchuzi, na Mrefu akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomuuma. Alirudi nyumbani.

Kabla hata hajavua viatu, simu ya mama ilikuwa inaita. Mama alimtaka afike, na afike sasa hivi. Alimkuta sebuleni, amekaa wima kwenye kochi lenye vitambaa alivyovishona mwenyewe, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Hakujibu shikamoo mpaka ya pili.

"Umemgongea kaka yangu boti yake kama unapekua nyumba ya mwizi."

"Mama, ile boti ni nzito. Kibati kinasema mia tano na arobaini, na yale matairi..."

"Usiniletee kilo zako humu ndani. Kilo ziache kazini. Yule ndiye aliyesimama wakati baba yenu amelala kaburini. Yule ni mimi mwenyewe, tofauti ni ndevu. Leo awauzie nyie kitu kibaya? Nyie? Damu yake?"

"Sijasema ni mbaya. Nataka tuangalie chini ya sakafu."

"Ukiangalia chini ya sakafu umeshasema."

Na Mrefu alikuwepo pale pale, kwenye kiti cha mlangoni, mtu mzima mwenye leseni ya ufundi, anachezea funguo. Dada yake alimtazama akisubiri neno moja. Alichosema ni, "Dada, usitutie aibu." Mama Mizani akachukua mkoba wake, akaondoka. Alikuwa na hasira ya aina ile ambayo haina pa kwenda, kwa sababu kila aliyeistahili alikuwa ni mtu anayempenda.

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya mchana, alimfuata fundi wa faiba kwenye banda lake ndani ya bandari. Mzee huyu, mikono imekauka kwa gundi na pua imezoea vumbi, ndiye aliyetengeneza nusu ya boti za pale. Alipotajiwa boti ya Mjomba, akarudi kusugua msasa kwa bidii.

"Ya mjomba wako mimi sisemi. Ni mteja wangu."

"Basi nieleze boti ya mtu mwingine. Yenye sakafu isiyolia."

Fundi alisugua kidogo, akaacha. Alimweleza kwamba kati ya sakafu na tumbo la boti za namna ile kumejazwa sponji ngumu. Kazi yake ni moja tu: siku boti ikijaa maji, sponji iibebe isizame, watu waishikilie mpaka waonekane. Sasa sponji ikianza kunywa maji, inakunywa polepole, miaka na miaka, na ikishashiba haiyatoi. Boti kwa nje inaonekana nzima. Inaelea, inakimbia, ila imekaa chini kidogo kuliko zamani.

"Na ikija siku ya kujaa?"

"Inashuka kama sufuria," alisema fundi. "Huko mbali hutapata hata muda wa kuvaa boya." Kisha akachukua msasa wake. "Lakini mimi ya mjomba wako sijasema."

Wanaume watu wazima wawili walijua, au walikuwa na kila sababu ya kujua, na mmoja alificha kwa rangi, mwingine kwa adabu. Mama Mizani alirudi kibandani akapima malori ya barafu mchana wote. Alimpigia Mrefu, akamwambia habari ya sponji neno kwa neno. Mrefu akasema, "Mjomba angeniambia." Akaongeza kwamba boti wataihamisha Alhamisi asubuhi. Wataipeleka kwenye ufukwe wa upande wa pili, na hapo wakabidhiane mbele ya wenzake.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mama Mizani alisikia honi mbili fupi za kirafiki. Honi za namna hiyo pale getini hupigwa na mtu anayetaka kitu. Aliinua macho. Pikapu ya kukodi, dereva wake anatafuna kijiti. Nyuma trela, juu ya trela ile boti nyeupe. Ndani ya pikapu Mjomba na Mrefu; nyuma, kwenye bodi, amekaa fundi wa faiba aliyeletwa kusaidia kushusha. Na pikapu haikuwa imeelekezwa kwenye bamba. Ilikuwa imeelekezwa njia ya pembeni, ile ya magari matupu.

Mjomba alishuka anatabasamu, akaegemea dirisha. "Mpwa wangu. Tupitishe hapa pembeni, tuna haraka."

Alimtazama. Kwa ajili ya ukoo alikuwa amenyamazishwa mara tatu wiki hiyo, na sasa huyu huyu amekuja kudai undugu hata kwenye geti la serikali. Kama angemwambia shangazi yake mtu fulani ana uso mkavu kiasi hiki, shangazi angesema anazidisha chumvi. Lakini kitu fulani ndani yake kilitulia. Akiwa mpwa, hakuwa na haki hata ya kugonga sakafu. Akiwa karani, hakuwa na haki ya kuacha kupima.

"Gari lenye mzigo linapita juu ya mizani, mjomba. Ndiyo kazi."

"Mimi ndiye mzigo?"

"Boti ndiyo mzigo."

Mjomba hakubishana naye. Alitoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu, akaitua kwenye kizingiti cha dirisha. "Dada, ongea na binti yako. Ametusimamisha njiani kama wahalifu."

Sauti ya mama ikajaa kibanda. "Wewe! Fungua geti."

"Shikamoo, mama. Wakishapima nitafungua."

"Fungua hilo geti mjomba wako apite. Na simu sikati. Sikati mpaka nisikie kwa masikio yangu geti limefunguliwa."

"Usikate, mama," alisema Mama Mizani, akaisogeza simu kidogo isianguke.

Dereva wa pikapu, ambaye hakuwa ndugu wa mtu na alitaka tu siku yake iendelee, alirudi nyuma akapanda kwenye bamba. Wakalifungua trela kutoka kwenye pikapu, pikapu ikasogea mbele, trela na boti vikabaki peke yake. Namba nyekundu zikapanda, zikasitasita, zikatulia. Kilo elfu moja mia tatu na arobaini. Kibati cha trela kilisema lisizidi elfu moja mia moja na sitini pamoja na mzigo wake.

"Imezidi kilo mia na themanini," alisema. "Haiwezi kuingia barabarani. Mnapunguza au mnarudi."

"Ni injini hiyo," alisema Mjomba haraka. "Injini ni chuma. Ishusheni, ipande kwenye pikapu."

Wakaishusha, wanaume wanne, dereva akilaani kwa sauti ya kistaarabu kwa sababu simu ilikuwa wazi. Wakashusha betri, maboya na lile tangi jekundu. Wakashusha nanga na kamba yake. Walipomaliza hakukuwa na kitu ndani ya boti ile isipokuwa rangi. Namba zikatulia kwenye elfu moja mia moja tisini na tano.

"Bado thelathini na tano."

"Mizani yako mbovu," alisema Mjomba.

Dereva akatema kijiti. "Mzee, mizani hii imenipima mimi miaka sita. Ingekuwa mbovu ningekuwa tajiri."

Mama Mizani alimgeukia Mrefu. Alikuwa amechoka kumsihi, kwa hiyo alimpa hesabu tu. "Trela tupu ni mia mbili na sitini. Toa. Boti tupu inabaki mia tisa thelathini na tano. Kibati chake kinasema mia tano na arobaini. Niambie wewe, fundi. Hizo mia tatu tisini na tano ni nini?"

Mrefu aliitazama boti. Aliitazama muda mrefu, na dada yake akaona mikono yake inaachana kule nyuma ya mgongo, mmoja mmoja, ikarudi kuwa mikono ya fundi. Alipanda juu ya gurudumu, akaingia, akapiga goti. Ko, ko, mbele. Du, nyuma. Alifanya hivyo mara tatu. Aliposhuka hakumtazama Mjomba. Alimtazama fundi wa faiba.

"Tundu liko wapi?"

"Halina tundu," alisema Mjomba.

Fundi wa faiba alikohoa. Alimtazama mteja wake, akamtazama huyu kijana mwenye wenzake wawili wa kwenda nao. Kisha, bila kutoa mkono mfukoni, akanyoosha mguu na kugusa kwa ncha ya kiatu mahali fulani nyuma ya boti, chini kabisa, ambapo rangi ilikuwa laini kupita kiasi. "Niliambiwa nizibe, nikaziba," alisema. "Lilikuwa linachuruzika kila siku. Mzee alisema linamchafulia uwanja."

"Kuchuruzika kwa mvua!" alisema Mjomba. "Mvua inanyesha, maji yanaingia, yanatoka. Nyie vipi?"

Mrefu alikwenda kwenye mkoba wake wa kazi ndani ya pikapu, mkoba uleule wa kurekebishia mafriji, akatoa drili. Aliweka ncha pale kiatu kilipogusa, akabonyeza. Gundi mpya ikatoka unga mweupe, kisha unga ukawa tope, kisha maji yakaja.

Yalikuja ya kahawia, yananuka mafuta na kitu kilichooza, yakamlowesha viatu, yakapita juu ya bamba la chuma yakatafuta mfereji. Kwenye kioo namba zilishuka moja moja. Elfu moja mia moja themanini na nane. Mia moja sabini na moja. Mia moja hamsini. Mchirizi ukawa uzi, uzi ukawa matone, na namba zikasimama kwenye elfu moja mia moja na thelathini. Mrefu aliingiza waya kwenye tundu, akauzungusha, akauvuta. Ulitoka na kipande cha sponji, cheusi, kizito. Alikikamua. Hakikutoa kitu.

"Nini kinaendelea huko?" iliuliza simu. "Mbona kimya?"

Mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata sauti, na Mama Mizani hakuwahi kumsamehe kwa jinsi sauti hiyo ilivyokuwa na furaha. "Imeshuka. Imeshuka chini ya kiwango, si ndiyo? Elfu moja mia moja na thelathini. Haya, karani, sheria yako hiyo. Fungua geti."

Na kweli, sheria ilikuwa imetimia. Trela lilikuwa ndani ya kiwango chake. Hakuna fomu katika kibanda kile iliyoruhusu kumzuia mtu kwa sababu ya kuzama kesho. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha geti, na hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na hakuwa na pa kuipeleka.

"Mjomba," alisema Mrefu. Aliongea kwa adabu yake ileile, na kile kipande cheusi bado kilikuwa kiganjani. "Hii ni sponji kama ya friji. Mimi sponji ya friji ikishakunywa maji simrudishii mteja. Nalitupa friji. Hii ndiyo ingetubeba sisi watatu."

"Imeelea miaka yote hiyo."

"Inawezekana. Labda mimi sijui boti." Alifikiri kidogo, na hakukuwa na hila usoni pake hata chembe. "Basi safari ya kwanza twende na binamu. Mwanao anaijua hii boti kuliko mimi. Aje atuonyeshe."

"Mwanangu haipandi hiyo," alisema Mjomba kwa ukali. "Huyo nilishamkataza tangu mwaka jana."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Mjomba aliona nyuso zao, akarudi nyuma kichwani mwake kuyatafuta, akayapata, na mkono wake ukaenda kwenye zile kalamu mbili mfukoni, ukazipanga. Dereva wa pikapu aligeuka kutazama barabara. Maji ya mwisho yalidondoka kwenye bamba.

"Kaka," ilisema simu.

Mjomba alizipanga kalamu tena.

"Kaka. Wako ulimkataza."

"Mdogo wangu, siyo hivyo unavyo..."

"Wako ulimkataza, na wangu ukampakia."

Mama Mizani alikuwa amezoea sauti zote za mama yake: ya kugombeza, ya kuombea, ya kuagiza vitunguu. Hii hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ndogo na imenyooka. Kwenye simu walisikia kochi likilia, kama mtu aliyesimama, au aliyekaa vizuri zaidi.

"Wewe binti. Upo?"

"Nipo, mama."

"Nisomee hizo kilo."

Akavuta tiketi kutoka kwenye mashine na kumsomea, polepole, kama anavyowasomea madereva wasioona vizuri. Ilivyopimwa mara ya kwanza. Ilivyopimwa bila injini, bila betri, bila nanga. Boti tupu inavyotakiwa kuwa na ilivyo. Maji yaliyotoka, kilo sitini na tano. Yaliyobaki ndani ya sponji, ambayo hayatatoka tena, kilo mia tatu na thelathini. Mama hakumkatiza hata mara moja. Mwisho akauliza, "Hapo kwenye tiketi pana pa kuweka sahihi?"

"Pana. Mwenye mzigo."

"Mwenye mzigo ni nani?"

"Hawajakabidhiana, mama. Bado ni wa Mjomba."

"Aweke."

Mjomba alisogea dirishani. Mpwa wake aliitelezesha tiketi kuelekea kwake na kuweka kidole kwenye mstari, pale palipoandikwa aina ya mzigo uliopunguzwa, ambapo alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MAJI. Mjomba alichomoa kalamu moja. Haikuandika. Akachomoa ya pili. Alipomaliza hakuinua macho, na Mama Mizani, aliyekuwa amejiandalia maneno wiki nzima, makali na yaliyopangika vizuri, akaona hakuna haja ya kutumia hata moja.

Mrefu na fundi wa faiba walifunga trela nyuma ya pikapu. Dereva aliwasha gari, akatia rivasi, akaanza kuirudisha boti ndani ya bandari, kwenye uwanja wa nyuma ilikotoka. Mjomba aliifuata kwa miguu. Hakuna aliyempa nafasi ya kukaa mbele.

"Bado sijasikia geti," ilisema simu.

"Halifunguliwi, mama. Wanarudi."

"Vizuri," alisema mama yao, akakata.